Ugali, Chai na Soda: Tubadilishe Nini Hapa Texas?

Ndugu zangu wa Houston, Dallas na Fort Worth, leo tuongelee sahani zetu. Najua mada hii ikitajwa wengi hukunja uso, wakidhani wataambiwa waache ugali na pilau waanze kutafuna majani makavu kama sungura. Hapana! Chakula chetu hakina ubaya. Tatizo ni kwamba tulipofika huku kilibadilika bila sisi kuona. Unga tunaonunua umekobolewa hadi umebaki wanga mtupu, soda iliyokuwa ya Krismasi na Idi sasa iko kwenye friji kila siku, nyama ni rahisi kuliko nyumbani, na kutembea kumebaki ni kutoka mlangoni hadi kwenye gari.

Kuna wanaosema, "Mimi si mnene, kisukari hakinihusu." Hapo tuwe waangalifu. Kuna utafiti uitwao Africans in America, uliofanywa na taasisi ya serikali ya National Institutes of Health kule Maryland chini ya Dk. Anne Sumner. Uliwapima wahamiaji wa Kiafrika wanaojiona wazima, ukakuta wengi sukari yao imeshaanza kwenda kombo bila wao kujua, na sehemu kubwa ya hao hawakuwa wanene. Kwa hiyo usisubiri kitambi ndiyo uanze kujali.

Tuanze na vinywaji, maana hapo ndipo faida ni kubwa na gharama ni ndogo. Kopo moja la kawaida la Coca-Cola lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko 10 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko 6. Sasa chukua mtu anayepiga boksi usiku: makopo mawili ya soda ili asisinzie, kinywaji cha kuongeza nguvu saa tisa usiku, halafu akirudi asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu. Hajala bado! Badala ya soda, beba maji yenye ndimu, au maji yenye gesi yasiyo na sukari ukikamulia ndimu ndani. Chai usiiache, ila ongeza tangawizi, iliki na mdalasini, na upunguze sukari nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea. Kwenye migahawa ya Texas ukiagiza chai ya barafu, sema "unsweet", la sivyo unaweza kuletewa sharubati. Juisi ya boksi nayo, hata iliyoandikwa asilimia 100, ina sukari nyingi. Mpe mtoto chungwa lenyewe alimenye.

Tuje kwenye unga. Soma paketi ya unga mweupe wa mahindi: ikiandikwa "degerminated", kiini cha mbegu kimeondolewa. Hiyo ni sembe. Ikiandikwa "whole grain corn", hiyo ndiyo dona, na ina nyuzinyuzi zinazofanya sukari ipande polepole mwilini. Maseca ya Wamexico ni kitu kingine. Mahindi yake yamechemshwa na chokaa kwanza, ndiyo maana ugali wake unanuka chapati za kwao. Hauna sumu, lakini mimi siuiti ugali.

Hazina yenyewe iko kwenye maduka ya Wahindi, pale Hillcroft kwa watu wa Houston na Irving kwa watu wa Dallas. Wengi wetu huingia humo kutafuta bizari na kutoka, kumbe unga wa bibi zetu umejaa rafuni kwa majina mengine. Jowar ni mtama. Bajra ni uwele. Ragi ni ulezi. Changanya nusu ya mtama na nusu ya mahindi, ugali unashika vizuri tu. Ulezi upike uji wa watoto asubuhi badala ya zile nafaka za rangi rangi zenye sukari. Choroko, mbaazi na dengu ziko humo humo, na kilo ya choroko inalisha familia kuliko kilo ya nyama.

Ila tuambiane ukweli: hata ugali wa dona ukiwa mlima bado ni mlima. Gawa sahani hivi: nusu iwe mboga, robo ugali au wali, robo nyingine samaki, nyama au maharage. Wengi wetu tunafanya kinyume, mboga inakaa pembeni kama pambo.

Na mboga hapa zipo za kutosha. Collard greens ni sukuma wiki, tena bei yake ni nafuu. Kunde ni black-eyed peas, ambazo watu wa Texas hula siku ya Mwaka Mpya kwa kutafuta bahati. Matembele yako kwenye masoko ya Wavietnam barabara ya Bellaire, Houston. Tahadhari kwa Waislamu: mboga na maharage ya kopo wakati mwingine hutiwa nyama au mafuta ya nguruwe, soma kabla ya kununua.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, sombe ni mboga nzuri sana, lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayopandisha kolesteroli. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Watu wa pwani tuna dhambi yetu ya tui. Nusu kopo na maji ya kutosha bado linatoa ladha. Na vile vipande vya kiungo cha supu, angalia orodha yake, chumvi ndiyo ya kwanza. Ukitia viwili halafu ukaongeza chumvi, presha itakuja tu. Kitunguu saumu, pilipili na ndimu vinafanya kazi hiyo hiyo.

Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, aongee na daktari kabla ya kupunguza wanga kwa ghafla, maana sukari inaweza kushuka mno.

Nenda ukapime pia, hata kama huna bima. Houston kuna Harris Health, Dallas kuna Parkland, Fort Worth kuna JPS. Wote wana mpango wa kusaidia wakazi wa kaunti yao wenye kipato kidogo. Utafiti ule niliotaja uliona kipimo cha A1C peke yake huwapita Waafrika wengi wenye tatizo, kwa hiyo muulize daktari kama kuna haja ya kipimo kingine. Na omba mkalimani wa Kiswahili; usimfanye mtoto wako wa miaka kumi akutafsirie majibu.