Riwaya zilizomfundisha mama kuuliza kabla ya kupiga

Dar es Salaam. Ujumbe uliingia saa mbili usiku, mama akiwa anachambua mchele. Simu ni yake, lakini jioni huitumia binti yake wa miaka 14 kupokea kazi za shule kutoka kwa wenzake. Aliyetuma ni mvulana, na maneno yalikuwa machache tu: amemkumbuka, na kesho amsubiri getini baada ya vipindi.

Mama huyo, fundi cherehani wa Mbagala mwenye watoto wawili, anasema mwaka mmoja nyuma usiku ule ungeishia kwa mkanda.

“Mkono ulishafika kwenye mkanda. Nikamkumbuka mzee Zakaria, nikaona aibu, nikakaa chini,” anasema.

Zakaria si jirani yake wala ndugu. Ni baba katika riwaya ya Rosa Mistika, iliyoandikwa na Euphrase Kezilahabi na kuchapishwa mwaka 1971. Mama huyo, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa ajili ya binti yake, alikuwa ameimaliza wiki mbili kabla.

Si mtu wa vitabu. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo hakuwahi kufungua kitabu cha hadithi hadi mteja wake mmoja, mwalimu wa sekondari, aliposahau mfuko kibandani kwake.

“Alipoufuata nilikuwa nimefika katikati. Nikamwambia, mwalimu, gauni lako liko tayari, kitabu bado,” anasema huku akicheka.

Tangu siku hiyo amemaliza riwaya tatu na moja imemshinda. Husoma kwenye daladala akienda Kariakoo kununua vitambaa, na usiku watoto wakishalala. Maoni yake hayafanani na ya mwalimu anayesahihisha mtihani. Anasoma kama mzazi, na kila kitabu anakiuliza swali moja: huyu mtoto, nani aliongea naye?

Baba aliyejaza nyumba hofu

Rosa Mistika, anasema, aliisoma kwa siku tatu. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake ni mlevi na mkali. Baba anaikuta barua ya kijana kwa binti yake, na kinachofuata ni kipigo. Hakuna anayemkalisha Rosa akamweleza lolote kuhusu wavulana, mwili wake au hisia zake. Anachojifunza nyumbani ni kuogopa.

Kisha Rosa anakwenda mbali na nyumbani, hadi chuo cha ualimu Morogoro. Baba hayupo tena, na hofu nayo imebaki kijijini. Binti aliyelindwa kwa fimbo anajikuta hana kinga yoyote, na maisha yake yanaishia pabaya.

“Zakaria alidhani anamlinda. Kumbe alikuwa anamlinda kwa zile siku tu ambazo yeye mwenyewe yupo,” anasema mama huyo.

Lakini kitabu hicho hakukipenda chote. Anaona mwandishi amemtwika Rosa mzigo mzito, huku wanaume waliomtumia wakiendelea na maisha yao.

“Rosa amelipa kila kitu. Wale wanaume wamelipa nini? Hapo nilikasirika, nikakifunga, nikakaa siku mbili sijakigusa.”

Riwaya hiyo ilipotoka ilizua mabishano makubwa, na kwa muda ilizuiwa kutumika shuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Mama huyo haoni kuwa ni kitabu cha kumwachia mtoto wa miaka 14 akisome peke yake, hasa kwa kuwa kinagusa utoaji mimba na kujiua. “Akifika kidato cha tatu au cha nne tutakisoma wote. Si kwamba namficha, ila nataka niwepo akiwa na swali.”

Mwajuma aliyefungua mlango

Kitabu cha pili kilikuwa Vuta N’kuvute cha Adam Shafi, kilichochapishwa mwaka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Hiki ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Hadithi iko Zanzibar wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mfanyabiashara ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Anatoroka. Ndugu zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng’ambo, mwanamke asiye na mali lakini mwenye mlango ulio wazi.

Wasomaji wengi humtaja Denge, kijana mpigania uhuru anayependana na Yasmin. Mama huyu anamtaja Mwajuma.

“Denge ana maneno mengi ya siasa, kurasa nyingine niliziruka, nisiseme uongo. Lakini Mwajuma! Hakumuuliza yule mtoto kabila wala dini. Alimpa pa kulala. Kila binti anahitaji Mwajuma mmoja, na afadhali Mwajuma huyo awe mama yake.”

Umri wa Yasmin ulimshtua zaidi alipokumbuka kwamba ni mwaka mmoja tu mbele ya umri wa binti yake. Jambo hilo halijabaki kwenye hadithi za zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwaka uleule Rosa Mistika ilipochapishwa, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo.

Kwa upande wa afya, hatari ya ndoa za mapema inajulikana. Msichana anayepata mimba mwili wake haujakomaa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua. Uzazi pingamizi usiposhughulikiwa mapema nao unaweza kumwachia fistula.

Mtoto aliyepandishwa treni

Riwaya ya tatu ilimchukua muda mrefu, karibu miezi miwili. Ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1994, na tafsiri yake, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022.

Yusuf ana miaka 12. Kuna tajiri anayemwita Ami Aziz, ambaye kila akija huondoka amemwachia sarafu. Siku moja anaambiwa atasafiri naye. Mtoto anafurahia treni. Akifika pwani ndipo anaelezwa na kijana mwingine kwamba huyo si ami yake hata kidogo. Baba yake alikuwa na deni, na yeye ndiye rehani.

Mama huyo alipofika hapo alikuwa kwenye daladala, na anasema alipitiliza kituo.

“Huyo ni mimi,” anasema, kisha ananyamaza kidogo.

Alipomaliza darasa la saba kwao Singida, aliambiwa shangazi wa Dar es Salaam atamchukua akasome. Alinunuliwa viatu. Alilia kwa furaha kwenye basi. Shangazi hakuwa shangazi, na shule haikuwepo. Alikuja kulea mtoto wa watu, kazi aliyoifanya miaka minne kabla ya kujifunza cherehani.

“Kinachoniuma mpaka leo si kazi. Kazi ningeifanya. Kinachoniuma ni kwamba mama yangu alijua, na hakuniambia. Yusuf naye hivyo hivyo, wazazi wake walimwangalia anapanda treni wakanyamaza.”

Kuhusu uandishi wenyewe, anasema sehemu ya katikati, yenye msafara wa kibiashara kwenda bara, ilimchosha kwa majina mengi ya watu na mahali. Anawashauri wasomaji wenzake wasikate tamaa hapo. “Ni kama foleni ya Mbagala. Unakwama, lakini ukitoka unafika.”

Kilichomshinda

Baada ya kumpenda Kezilahabi alitafuta kitabu chake kingine kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, akapata Nagona, kilichotoka mwaka 1990. Kurasa kumi hazikuisha.

“Sikuelewa nani ni nani wala wako wapi. Mwalimu ananiambia ni cha falsafa. Sawa, ila mimi nimetoka kushona tangu asubuhi, falsafa isubiri.”

Hajioni mjinga kwa kukiacha. Anasema kosa la wengi ni kudhani kitabu ukikianza ni lazima ukimalize, matokeo yake mtu anaachana na kusoma kabisa. Yeye ameweka kanuni yake: kurasa 30. Kisipomshika, kinarudi kwenye mfuko.

Kilichotokea usiku ule

Alipokaa chini, anasema, alikuwa bado na hasira. Alimwita binti yake, akamwonyesha ujumbe na kumuuliza, “Huyu ni nani?”

Binti alijibu kwa swali: “Utanipiga?”

“Nikamwambia sikupigi. Hakuamini. Aliangalia mlango. Hapo ndipo niliumia, mtoto wangu ananiangalia kama Rosa anavyomwangalia baba yake.”

Ilichukua karibu saa nzima. Mvulana ni wa kidato cha nne, yeye yuko cha pili. Amekuwa akimlipia nauli na kumnunulia chipsi. Binti alisema maneno ambayo mama huyo hajayasahau: kidogo anampenda, kidogo anamwogopa. Wiki nzima alikuwa anatokea geti la nyuma ili asikutane naye, lakini alishindwa kusema nyumbani kwa sababu alijua ataulizwa alianzaje kupokea nauli.

“Ningempiga, ningempiga mtoto aliyekuwa anajaribu kujiokoa,” anasema mama huyo.

Siku mbili baadaye walikwenda pamoja kwa mwalimu wa malezi shuleni. Mvulana naye aliitwa na kuzungumzwa naye mbele ya mzazi wake. Nauli sasa mama anaitoa asubuhi, hata kama ni ya kukopa kwa jirani.

Hasemi kwamba mambo yamekwisha. Binti bado kuna siku ananuna, na mama bado kuna siku anapaza sauti. Mkanda hajautupa, upo kwenye suruali ya baba mtu, dereva wa malori ambaye hurudi mara mbili kwa mwezi. Naye ameambiwa yaliyotokea. Kwanza alikasirika kwamba mtoto hakuadhibiwa, kisha akauliza jina la kitabu.

Anachoweza kufanya mzazi

Wazazi wengi huogopa kwamba kuzungumza na mtoto kuhusu mapenzi na mwili wake ni kumfungulia njia. Mwongozo wa kimataifa wa elimu ya afya ya uzazi uliotolewa upya na UNESCO mwaka 2018 unaeleza kinyume chake: tafiti zilizopitiwa hazikuonyesha kwamba elimu hiyo inawaharakisha vijana kuanza ngono.

Hadithi husaidia kwa sababu moja rahisi. Ni vigumu kumuuliza mtoto, “Wewe una mpenzi?” Ni rahisi kumuuliza, “Unadhani Rosa angefanya nini baba yake asingempiga?” Mtoto anajibu kuhusu Rosa, lakini mzazi anasikia mengi kuhusu mtoto wake.

Mzazi anayetaka kujaribu anaweza kuanza hivi:

Soma kwanza wewe. Baadhi ya riwaya zina mambo mazito, na ni vyema ujue yaliyomo kabla ya kumpa mtoto.

Anza na vitabu vya shule vilivyopo nyumbani. Watoto wa Mama N’tilie cha Emmanuel Mbogo, kwa mfano, kinazungumzia watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada, jambo ambalo familia nyingi zinalielewa.

Uliza, kisha nyamaza. Mtoto akiona kila jibu linazaa mahubiri, kesho hatajibu.

Akikueleza jambo zito, usimlipe kwa kipigo. Akipigwa kwa kusema ukweli mara moja, mara ya pili atamwambia mtu mwingine, au hatamwambia mtu kabisa.

Ukiona mtoto amejitenga ghafla, hali, halali, au anazungumza kuhusu kufa au kujidhuru, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya na usimwache peke yake. Ushauri kuhusu mtoto aliye hatarini unapatikana pia kwa Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116.

Kibandani Mbagala, Vuta N’kuvute sasa iko mikononi mwa binti. Anaisoma akitoka shule, amekaa juu ya boksi la vitambaa, wakati mama akimalizia sare za wateja.

Wiki iliyopita aliinua kichwa akauliza: “Mama, hivi Denge anampenda nani hasa, Yasmin au siasa zake?”

Mama alisimamisha cherehani. Zilikuwa ndizo kurasa alizoziruka.

“Nikamwambia ukweli, sijui, hapo nilipitiliza. Akikimaliza ananirudishia nisome upya.”