Kamera ya Kulinda Duka, Lodwar hadi Kakuma

Mwenye duka wa Lodwar au wa Kakuma, afungapo mlango wake magharibi na kwenda zake nyumbani, aghalabu huiacha mali yake mikononi mwa kufuli na askari mmoja mwenye rungu, ambaye naye, baada ya kutwa nzima ya jua kali, huenda usingizi ukamshinda kabla ya usiku wa manane. Madhali kompyuta ndogo na kamera zake zimekuwa vitu vya kawaida, si muhali kwa kijana aliyejifunza kidogo habari za programu kumtengenezea mzee wake mlinzi wa pili.

Asili ya kamera hizi ina kichekesho chake. Ile ihesabiwayo kuwa ya kwanza, iliyowekwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, haikulinda dhahabu wala fedha, bali birika la kahawa, ili wataalamu waliokaa vyumba vya mbali wasijisumbue kulifuata na kulikuta tupu.

Hila yenyewe ni nyepesi. Picha ni mkusanyiko wa nukta. Kwa kipimo cha 640 kwa 480 huwa nukta 307,200, na kila moja, rangi zikishaondolewa, ina namba ya mwangaza tangu 0, yaani giza totoro, hadi 255, yaani weupe mtupu. Kompyuta huilinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, na nukta zilizobadilika zikizidi kiwango alichokipanga mwenye duka, tuseme 1,500, hukata shauri kwamba pamekuwa na mwendo, ikahifadhi picha na kumpelekea habari kwa simu. Programu iitwayo Motion, itolewayo bure, huifanya kazi hiyo hata ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iliyoanza kuuzwa mwaka 2012.

Walakini Turkana, iliko Lodwar na Kakuma, haikushauriwa programu hizo zilipoandikwa. Upepo huinua vumbi la barabarani, kivuli cha mwarobaini huchezacheza ukutani, mbuzi hupita wakinusa maganda, na kamera isiyofundishwa huita kwa kila kimoja cha hivyo, mpaka mwenyewe aizime kwa hasira. Dawa yake ni subira: ziba katika programu ile sehemu ya picha yenye mti, amuru kwamba mwendo usihesabiwe mpaka udumu katika picha kadhaa mfululizo, na kioo cha kamera kipanguswe kila asubuhi. Kompyuta isiwekwe karibu na mabati, kwani joto lake huilemaza. Wala isikae mahali pa wazi, maana mwizi akiondoka nayo ameondoka na karibu ushahidi wote. Usiku, kwa kuwa kamera ya kawaida haioni gizani, taa ya sola mlangoni haina budi kuwapo.

Umeme si kikwazo kikubwa. Chombo kilacho wati 5 hutumia wati-saa 120 kwa siku nzima, kiasi ambacho sola ya wastani na betri yake hukimudu katika nchi yenye jua kama hii. Intaneti ikisuasua, picha zibaki katika kadi ya kompyuta, na simu ipelekewe moja tu iliyopunguzwa. Askari naye asifukuzwe, kwani kamera haimkamati mtu.

Jambo lililo zito kuliko yote hayo ni faragha. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, imewapokea watu waliokimbia vita vya Sudan, Somalia, Kongo na kwingineko, na miongoni mwao wako wanaohofu hata leo nyuso zao kuonekana na waliowakimbia. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huihesabu sura ya mtu kuwa ni habari yake binafsi. Kwa hiyo, ndugu mwenye duka, elekeza kamera yako kwenye mlango wako na si kwenye njia ya wapitao, bandika tangazo katika lugha wanazozisoma wateja wako, na picha zisizohusu wizi uzifute kila wiki.