Kanda za Redio: Namna ya Kuokoa Sauti za Zamani

Sauti iliyotangazwa redioni hupita kama upepo. Isiponaswa, haipatikani tena. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi za Tanzania zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingi za nyimbo hizo hazikutolewa katika santuri. Mwaka 1973 masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya yalisikilizwa na vikundi nchini kote. Kwa hiyo kaseti iliyonaswa wakati ule nyumbani, Iringa au Mbeya, yaweza kuwa na sauti isiyopatikana kwingine. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza pia: baadhi ya matangazo ya muziki wa punk rock katika kipindi cha John Peel wa BBC yamesalia kwa sababu wasikilizaji waliyanasa.

Sauti hukaaje katika kanda?

Kanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe ndogo sana, aghalabu za oksidi ya chuma, zilizoshikizwa kwa gundi. Wakati wa kunasa, umeme unaobadilika kufuatana na sauti hupita katika kichwa cha kinasa sauti, nacho huzitia chembe hizo usumaku wa nguvu mbalimbali. Kanda ipitapo tena mbele ya kichwa, usumaku huo huzaa umeme hafifu, ambao hukuzwa na kugeuzwa kuwa sauti.

Kanda ya kaseti huenda kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Upande mmoja wa dakika 30 huhitaji 4.76 × 60 × 30, yaani sentimita 8,568, au karibu meta 86. Kaseti ya dakika 120 hubeba kanda ndefu maradufu katika nafasi ile ile. Hivyo kanda yake ni nyembamba zaidi, nayo huvutika na kukwama kwa urahisi.

Kasoro ya redio na kasoro ya kanda

Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kurudishwa ardhini na tabaka la anga liitwalo ionosfea. Tabaka hilo hubadilika daima, na ndiyo sababu sauti hufifia na kurudi. Kufifia huko ni sehemu ya tangazo lenyewe; kanda haina kosa. Lakini sauti nyembamba zikipotea na maneno yakawa kama yanasemwa nyuma ya pazia, yawezekana kichwa cha mashine ni kichafu au hakikukaa sawa. Mwangwi hafifu unaotangulia neno hutokana na usumaku wa mzingo mmoja kuambukiza mzingo wa jirani. Asiyetofautisha mambo haya huweza kuitupa kanda nzima kwa kosa la mashine.

Unyevu ni adui

Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa kawaida hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wa Iringa hupata chini ya nusu yake. Baridi ya nyanda za juu huifaa kanda, lakini unyevu huotesha kuvu na kudhoofisha gundi. Kanda yenye madoa meupe isichezwe: itachafua mashine, na vumbi lake hudhuru mapafu. Itengwe na nyingine mpaka ipate fundi.

Kabla ya kunakili

Vijipande viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti vivunjwe, ili mtu asinase juu ya sauti ya zamani kwa bahati mbaya. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti na kuachwa kikauke. Kanda ichezwe mara moja tu, huku ikinakiliwa katika kompyuta bila kubanwa, na nakala mbili ziwekwe mahali mbalimbali. Kaseti yenyewe irudishwe kwa mwenyewe, wala isitupwe.

Hatimaye mwanafunzi amwulize mwenye kanda: ni kituo gani, mwaka gani, nani anasema? Majibu hayo yaandikwe siku ile ile, kwani hayamo katika usumaku wa kanda. Yamo katika kumbukumbu ya mzee aliyeinasa.