Kipaji pekee hakimfikishi mwimbaji kwenye jukwaa la opera

PRETTY Yende alikuwa msichana wa miaka 16 katika mji mdogo wa Piet Retief, ambao sasa huitwa eMkhondo, mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, aliposikia sauti mbili za wanawake zikiimba katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni. Hakujua ulikuwa muziki wa aina gani. Alimwendea mwalimu wake shuleni kuuliza, naye akamweleza kuwa huo ni uimbaji wa opera na kwamba binadamu anaweza kuufanya. Binti huyo, aliyenuia kusomea uhasibu, akabadilisha nia.

Wimbo alioupenda unatoka katika Lakmé, opera ya Mfaransa Léo Delibes iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka wa 1883. Zaidi ya mwongo mmoja baada ya kuusikia, mnamo Januari 2013, Yende aliimba katika ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, mojawapo ya kumbi kubwa zaidi za sanaa hiyo duniani.

Wengi husema mtu kama huyo amezaliwa na sauti. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Yaliyotokea kati ya tangazo lile na jukwaa la New York yanaonyesha jinsi mwimbaji wa opera anavyofinyangwa.

Kuimba bila kipaza sauti

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao mazungumzo yake huimbwa yakiandamana na okestra. Kwa desturi, mwimbaji hatumii kipaza sauti. Katika ukumbi wa Metropolitan wenye viti vipatavyo 3,800, sauti yake sharti ipenye ala kadhaa za muziki na kumfikia aliyeketi safu ya nyuma kabisa.

Siri yake si kupiga kelele, kwani kelele huharibu nyuzi za sauti. Jambo la kwanza ni pumzi. Mwanafunzi hufunzwa kuvuta hewa hadi chini ya mapafu, kisha kuiachilia kidogo kidogo huku misuli ya mbavu na tumbo ikiizuia isitoke kwa pupa.

Jambo la pili ni mwangwi. Nguvu kubwa ya sauti ya okestra huwa kwenye mitetemo ipatayo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hupanga koo na kinywa chake ili sauti ipate nguvu karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo ala ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi. Wanawake wa sauti ya juu, yaani soprano, hutumia mbinu tofauti: wanapopanda juu hufungua kinywa zaidi na kubadilisha umbo la irabu ili mwangwi wa kinywa ulingane na noti. Katika noti za juu za soprano, nyuzi za sauti hugongana zaidi ya mara 1,000 kila sekunde. Misuli ya kazi hiyo haijengwi kwa wiki moja.

Chuo, mashindano na jukwaa

Yende alijiunga na Chuo cha Muziki cha Afrika Kusini katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko alifundishwa na Virginia Davids, soprano aliyeanza kuimba enzi za ubaguzi wa rangi, wakati majukwaa makuu ya nchi hiyo yalitengewa Wazungu.

Mafunzo ya aina hii hayakomei kwenye sauti. Mwanafunzi husoma noti, uigizaji na historia ya muziki. Isitoshe, hujifunza kutamka Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani kwa ufasaha, kwani opera nyingi mashuhuri ziliandikwa kwa lugha hizo.

Baada ya chuo kikuu huja kizingiti kingine: mashindano. Mnamo 2009, Yende alishinda tuzo za kwanza katika vitengo vyote vya shindano la Belvedere, Austria. Aliendelea na masomo katika akademia ya ukumbi wa La Scala mjini Milan, Italia, na mwaka wa 2011 akashinda Operalia, shindano lililoandaliwa mwaka huo mjini Moscow.

Ndipo ikaja New York. Mwimbaji aliyepangiwa nafasi ya Adèle katika Le Comte Ory, opera ya Rossini, alijiondoa, na Yende akajifunza nafasi hiyo kwa muda wa takriban wiki moja. Usiku wa kwanza alijikwaa ngazini alipokuwa akiingia jukwaani. Aliinuka, akaimba, na ukumbi ukamshangilia.

Kazi yenyewe haina uhakika. Waimbaji wengi huajiriwa kwa mkataba wa onyesho moja baada ya jingine. Anayeshikwa na mafua asiimbe huenda asilipwe. Ndiyo maana hata waliobobea huendelea kwenda kwa mwalimu, kwani mwimbaji hawezi kujisikia kama wengine wanavyomsikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika opera huinama maisha yake yote.

Mnamo Mei 6, 2023, Yende aliimba katika kanisa la Westminster Abbey, London, siku ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Dunia ilimsikia kwa dakika chache tu. Nyuma ya dakika hizo kulikuwa na miaka ishirini ya kazi, na mwanzoni kabisa palikuwa na mwalimu wa shule katika mji mdogo, aliyeulizwa swali na mwanafunzi wake akawa na jibu. Lau angelikosa jibu hilo, pengine Afrika Kusini ingelipata mhasibu mmoja zaidi, na sauti ile isingelijulikana kamwe.