Kutoka Mti hadi Upinde: Suala la Istilahi Moja

Katika kazi ya kuunda istilahi, mara nyingi tunashughulikia mitambo na sayansi zilizotoka ng'ambo, tukasahau kwamba ziko kazi za jadi ambazo nazo zahitaji kutajwa kwa usahihi. Mojawapo ni utengenezaji wa pinde za mti. Chombo chenyewe kina majina mawili. *Uta*, ambalo wingi wake ni *mata* au *nyuta*, ni neno la kale lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, zikiwamo Kikamba na Kichewa. *Upinde* limetokana na kitenzi *pinda*. Lakini mti mwembamba uliokwisha kukatwa na kukaushwa kwa kazi hiyo, na ambao bado haujawa upinde, tuuiteje?

Swali hili lilitukabili tulipokuwa tukiandaa orodha ya maneno ya kazi za mikono. Rasimu ya kwanza niliiandika mezani, nikapendekeza "kijiti cha upinde". Nilipomsomea mzee mmoja wa Mikumi, wilayani Kilosa, alicheka, akasema: "Mwanangu, kijiti ni cha kuchokolea meno." Nikafuta.

Jina la Mikumi lenyewe ni funzo kwa mwanaistilahi. Latokana na *mkumi*, jina la huko la mti ambao Kiswahili sanifu huuita *mvumo*. Katika sehemu hizo za Wavidunda na Wasagara, upinde ulikuwa chombo cha mwindaji. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa, na uwindaji ndani ya mipaka yake ukawa umekatazwa. Makala haya hayadai urudi. Ila ieleweke kwamba mtu asiyechonga upinde hana sababu ya kumtajia mwanawe sehemu zake. Chombo kikiachwa, maneno yake hufuata, na maneno yasiyoandikwa hayana pa kusubiri.

Kazi yenyewe

Istilahi nzuri hufuata kazi, hivyo na tuitazame kazi kwa mpango wake.

Kwanza ni kuchagua. Hutafutwa mti ulionyooka, usio na vifundo vingi, wenye unene wa kushikika kwa kiganja na urefu unaokaribia kimo cha mtu. Mkole ni mmoja wa miti inayosifiwa kwa kazi hii, kwa kuwa ni mgumu na hukubali kupinda bila ya kuvunjika upesi.

Pili ni kukausha. Mti ukikauka hunywea, na hunywea zaidi kwa kufuata mzingo wake kuliko kwa kufuata mstari wa kutoka katikati hadi kwenye ganda. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta nyufa, hasa katika mti mwembamba ulioachwa mzima. Aidha, maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa. Kwa hiyo ncha hupakwa nta au mafuta, na mti hulazwa kivulini, juu ya ardhi, usipigwe na jua. Wengine hupunguza mti upande mmoja mapema, hadi kuufikia uzi wa katikati, ili kuupa nafasi ya kunywea bila ya kupasuka.

Tatu ni kuchonga. Hapa fundi huamua upande upi utakuwa mgongo na upi utakuwa tumbo. Mgongo humwelekea mnyama, tumbo humwelekea mpigaji. Upinde ukivutwa, mgongo hutanuka na tumbo hubanwa. Kwa sababu hiyo mgongo hubambuliwa ganda tu, nyuzi za mti zisikatwe. Tezo na kisu hufanya kazi yao tumboni. Nyuzi za mgongo zikikatwa, upinde huanzia hapo kuvunjika.

Neno gani?

Kiswahili kina mpango wake wa kuitaja miti kwa unene. Katika biashara ya mikoko huko Lamu, *fito* ni nyembamba kuliko *pau*, *pau* ni nyembamba kuliko *mazio*, kisha hufuata *boriti* na *nguzo*. *Upau* huwa na kipenyo cha sentimita 4 hadi 8 hivi. Unene huo ndio hasa unaomfaa mchonga upinde.

Kadhalika, tazama ngeli. *Ufito*, *upau*, *ubao*, *uzi*, *upote*, *upinde*: vitu virefu na vyembamba hukusanyika katika ngeli moja. Neno jipya likiingia humo halitakuwa mgeni. Kwa hiyo tunapendekeza *upau wa upinde*, wingi *pau za pinde*.

Neno la pili lenye utata ni *kiini*. Hutumika kwa sehemu ngumu ya ndani ya mti, na pia kwa uzi laini ulio katikati kabisa. Kwa mchongaji hivyo ni vitu viwili: cha kwanza ni nguvu ya mti, cha pili ni chanzo cha ufa. Tunapendekeza vitenganishwe.

Orodha ya mapendekezo

*Upau wa upinde*: mti mwembamba uliokatwa na kukaushwa ili uchongwe upinde.
*Mgongo*: upande wa upinde usiomwelekea mpigaji.
*Tumbo*: upande wa upinde unaomwelekea mpigaji.
*Kiini*: sehemu ngumu ya ndani ya mti.
*Moyo*: uzi laini wa katikati ya mti.
*Upote*: kamba ya upinde.
*Wano*: uti wa mshale usiotiwa chembe.
*Podo*: mfuko wa kutilia mishale.

Mapendekezo haya si sheria. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wangali wakiwinda kwa pinde, na katika vijiji vya Kilosa wako wazee wanaokumbuka kazi hii. Msomaji aliye karibu nao na awasomee orodha hii. Wakicheka, atuandikie walichocheka, na neno walilolitumia wao.