Somo Bila Mwalimu ni Jina Tu

Aendaye Obunga haulizi njia mara mbili, kwani harufu ya samaki humwongoza. Mtaa huu uko kaskazini ya mji wa Kisumu, karibu na Kondele, na kina mama wake wana kazi ijulikanayo pande zote za ziwa. Hununua mifupa ya mbuta iliyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa ng'ambo, wakaianika juani, kisha wakaikaanga kwa mafuta mengi. Chakula hicho huitwa mgongo wazi, na wanyonge wengi wamelelewa nacho.

Nilifika huko mapema mwaka 2026, nikifuatana na ndugu yangu mmoja Mwislamu, mkazi wa Kaloleni ya Kisumu. Nia yangu ilikuwa kusikiliza Kiswahili cha watoto wa ziwani, maana sisi watu wa pwani tuna tabia ya kukicheka kabla ya kukisikiliza. Lakini niliyoyakuta yalinigeuza nia, na ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Tuliketi kwa mama mmoja mkaanga samaki. Binti yake alikuwa amemaliza Gredi ya 9 mwaka 2025, akawa miongoni mwa watoto wa kwanza kufanya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na sasa ndio kwanza aingie Gredi ya 10. Alikuwa na daftari limejaa hadithi na mashairi. Nikalifungua. Mizani ilikuwa ikichechemea hapa na pale, lakini vina vilikuwa vimesimama, na maneno yalikuwa na uhai. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akanijibu kwa adabu, "Kwa vitabu tu, mzee. Mwalimu wa Kiswahili ndiye huyo huyo wa sayansi."

Mtoto huyu alitaka kusoma Fasihi ya Kiswahili pamoja na muziki na maigizo. Katika mpango mpya wa sekondari ya juu zipo njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, ambamo lugha na dini zimo, na ya sanaa na michezo. Orodha ina masomo 38, na mwanafunzi huchagua matatu juu ya yale ya lazima. Kwenye karatasi, ni karamu. Lakini shule ya bweni aliyoitwa ilikuwa mbali na ada yake nzito, na shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani haina njia ya sanaa. Fasihi imeandikwa katika orodha ya shule hiyo, ila wa kuifundisha hakuwapo.

Yule mama alipindua samaki wake, akasema: "Mzee, haya masomo yamekuwa kama hii kazi yangu. Mifupa iko hapa, nyama ilienda."

Sikuwa na la kumjibu.

Msomaji, nchi ikitaka kukuonyesha inathamini nini, haikuhutubii. Hukuonyesha ratiba ya shule. Na ratiba yenyewe yafaa isomwe kwa macho mawili: jicho moja litazame jina la somo, na la pili lamtazame mwalimu anayelipwa kulifundisha. Historia ya lugha yetu yatosha kuwa ushahidi.

Mwaka 1964, nchi ikiwa changa, ilifanya kazi tume ya elimu chini ya uenyekiti wa Profesa Simeon Ominde. Alikuwa Mjaluo, bingwa wa jiografia. Tume hiyo ndiyo iliyopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Natamani wale wanaosema watu wa ziwani hawakitaki Kiswahili walikumbuke jina hilo. Lakini pendekezo halikufuatwa na mtihani, na somo lisilotahiniwa halipewi saa wala mwalimu wa maana. Likakaa hivyo miaka mingi. Mwaka 1981 ikaja tume ya Mkanada, Colin Mackay, iliyozaa mfumo wa 8-4-4, na mwaka 1985 Kiswahili kikatahiniwa kwa mara ya kwanza katika KCPE. Hesabu mwenyewe: kati ya neno na tendo ilipita miaka 21.

Mimi nilikuwa katika kundi hilo la 1985. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi wa serikali, na jioni nilikuwa mwanafunzi wa chuoni, nikianzia alifu kwa kijiti hadi nikahitimu juzuu. Kule chuoni serikali haikutoa hata senti moja. Wazee wetu walimtunza mwalimu kwa vijisenti vya kila juma, na aliyekosa alipeleka nazi au kitoweo. Hatukuwa na ratiba iliyochapishwa, lakini mwalimu alikuwapo kila siku ya Mungu. Shuleni mambo yalikuwa kinyume: mwaka ule masomo yaliongezeka ghafla, ufundi na sayansi kimu vikaingia, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na karakana nyingine zikabaki kuta na kufuli. Lakini Kiswahili kilipotiwa katika mtihani, walimu waliokuwa wakikipita mbali wakaanza kukitafuta. Mwaka ule ndio nilipofahamu kwamba hata lugha ya mama yahitaji fungu la fedha.

Tusije tukawa wachache wa shukrani. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa, na watoto waliokuwa wakiranda mitaani wakajaa madarasani. Mwaka 2008 ikafuata sekondari ya kutwa. Tangu 2018 vitabu hununuliwa na serikali yenyewe na kupelekwa hadi shuleni. Fungu la mtoto mmoja kwa mwaka limewekwa shilingi 1,420 katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari ya chini na 22,244 katika sekondari. Hayo si madogo kwa mzazi wa Obunga.

Lakini lililoandikwa si lazima liwe ndilo lililofika. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba lile fungu la 22,244 limeshuka hadi kiasi cha 16,900, kwa kuwa hazina haimudu. Tena fedha hizo humfuata mtoto aliyeandikishwa katika shule ya umma. Mtoto wa mtaa kama Obunga aliyelazimika kusoma katika shule ndogo ya mabati ya mtu binafsi hapati fungu hilo, ingawa ndiye mnyonge zaidi. Na mwalimu hupatikana kwa mlango mwingine, ule wa Tume ya Huduma za Walimu. Mlango huo ukichelewa kufunguka, wazazi huchanga kumlipa kijana aliyemaliza chuo juzi, naye hufundisha kila kitu. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023, shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili kwa masomo yote. Yalipopunguzwa kuwa tisa, bado mtu mmoja hawezi kuwa bingwa wa yote tisa.

Hapo ndugu yangu wa Kaloleni akanikumbusha jambo linalotugusa sisi Waislamu. Elimu ya dini imo katika masomo hayo tisa, na mzazi ana hiari ya Kikristo, Kiislamu au Kihindu. Hiari hiyo ni nzuri. Lakini katika shule moja anayoijua, ambayo sitaitaja, watoto wa Kiislamu ni wachache, na mwalimu wa dini yao hayupo. Kipindi kikifika, mmoja huketi nyuma akisikiliza ya wenzake, mwingine hutoka nje akakaa chini ya mti. Siku ya mtihani wote huulizwa sawasawa.

Nilitaka kuwaka hasira, kisha nikajizuia. Nikawaza mtoto wa Kijaluo ambaye babaye amehamishiwa kazi katika kijiji chetu cha pwani, naye ni Mkristo peke yake darasani. Je, yeye hupata mwalimu? Tukidai haki, tuidai ya wote, maana udhaifu ni ule ule: jina la somo limelipiwa, mwenye kulifundisha hakulipiwa.

Ng'ambo ya pili ya ziwa hilo hilo, baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini mwaka 1964 nasi tulikuwa na neno zuri kama hilo. Rafiki zetu wa Kampala na wasingoje miaka 21. Na waanze na mwalimu, kisha ndio wabandike ratiba.

Nasi wa pwani tuna sehemu yetu. Twajisifu kuwa wenye lugha na wenye dini, na vijana wetu waliohitimu ualimu wa Kiswahili na wa masomo ya Kiislamu wamejazana Mombasa na Lamu wakingoja nafasi karibu na nyumbani. Wakiambiwa Kisumu, husema mbali. Wazee wetu walipanda treni hadi Kisumu, wakauza nguo na kujenga misikiti. Je, hatuwezi kupeleka mwalimu? Na kina sisi tuliofanya kazi ya kalamu miaka mingi, tuna vitabu vinavyoliwa na mchwa, na muda wa kuandika barua kwa mtoto aliye mbali.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha binti yule namna ya kuhesabu mizani kwa vidole, kama nilivyoonyeshwa mimi barazani. Alishika upesi kuliko nilivyoshika mimi. Akaniomba nimwachie beti moja la kujifunzia, nikaliandika pale pale katika daftari lake:

Fedha zimeshagaiwa, vitabu vimeshakuja,
Ratiba ikatolewa, kila somo kwa daraja,
Mwalimu hajachukuwa, chaki, watoto wangoja,
Vipi tena twaambiwa, elimu ni ya pamoja?

Alilisoma kwa sauti, akihesabu kwa vidole, mamaye akisikiliza huku mafuta yakichemka. Kisha akaniuliza, "Mzee, utarudi lini?"

Nimemwahidi kurudi, inshallah. Ahadi ni deni, na deni hilo si langu peke yangu.