Mama alinikataza kuliandika shamba letu

Hadithi niliyotaka kuiandika ilikuwa ya shamba. Mimi nimezaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na huko ndiko nilikosoma kwa Kiswahili hadi sekondari. Wazazi wetu walikimbia Burundi mwaka 1972. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta shamba la babu lina watu wengine, na baada ya mabishano marefu tukaligawana nusu kwa nusu. Siku hizi watoto wetu na wa kwao wanachota maji bomba moja.

Nilipomsomea mama kurasa za kwanza, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo yakitoka gazetini, kesho nitamsalimiaje mama yule?"

Nikafunga daftari. Ndugu msomaji, mwandishi akinyimwa maisha yake mwenyewe, ataandika nini?

Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, hakujificha sana. Katika riwaya yake Petit pays ya mwaka 2016, mtoto Gaby ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, kama yeye mwenyewe. Akaulizwa mara nyingi kama Gaby ndiye yeye, akawa anakana. Njia hiyo mimi siiwezi. Jirani yangu nakutana naye bombani kila asubuhi.

Aliyenifungua macho ni Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu wataielewa upesi, maana ni habari ya mali na deni. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na baadaye anafuatana na msafara wa bidhaa kwenda bara.

Gurnah alizaliwa mwaka 1948. Misafara ile hakuiona. Amepata kueleza kwamba aliporudi Zanzibar mwaka 1984, baada ya miaka mingi Uingereza, alimtazama baba yake, mzee sasa, akienda msikitini, akawaza utotoni mwake mzee yule aliwaonaje wageni wakiitwaa nchi. Hilo ndilo alilolitoa nyumbani. Mengi mengine yalitoka vitabuni. Kisa cha Nabii Yusuf, aliyeuzwa Misri akawa nyumbani kwa Aziz, kimo mle waziwazi. Wachambuzi wameona humo pia habari za safari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe zama za Mjerumani.

Basi nami nikalihamisha shamba. Nimeandika wachuuzi wawili wanaogombea nafasi moja katika soko la Ujiji, enzi za Mirambo, ambaye habari zake tulisomeshwa Tabora. Kutoka kwetu nimechukua kamba tu, kamba ya migomba, mama kaishika upande huu na mama yule upande wa pili, siku ya kupima mpaka.

Nikamsomea tena. Safari hii alicheka, akanisahihisha. Kamba haikuwa ya migomba, ilikuwa ya katani, na aliyeileta ni mama yule, maana sisi hatukuwa na kamba.

Hilo sikuwa nalijua. Nimeliandika.